Afasia na Deni la Idara za Kiswahili

Mwanafunzi anayeingia darasa la kwanza la isimu hufunzwa kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano. Sentensi hiyo huandikwa daftarini, hukaririwa, hujibiwa mtihanini, kisha husahauliwa. Ni nadra kwa mwanafunzi huyo kuulizwa chombo hicho huwaje kinapovunjika ndani ya kichwa cha mtu mzima aliyekitumia kwa miaka hamsini bila taabu yoyote. Swali hili si la nadharia tupu. Katika wodi za hospitali, na katika nyumba nyingi zaidi ambako wagonjwa hurudishwa baada ya matibabu, wamo watu wanaowatambua watoto wao, wanaokumbuka madeni wanayodai na wanayodaiwa, wanaojua nani amekuja kuwajulia hali kwa mapenzi na nani amekuja kupeleleza, lakini hawawezi kulipata neno "maji" wanapokuwa na kiu. Hali hiyo huitwa afasia.

Afasia ni kupotea au kupungua kwa uwezo wa lugha kunakosababishwa na jeraha la ubongo, aghalabu upande wa kushoto. Chanzo kikuu ni kiharusi, yaani kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu ubongoni, ingawa majeraha ya kichwa yatokanayo na ajali za barabarani, uvimbe na maambukizi ya ubongo pia huweza kuileta. Hukadiriwa kwamba takriban thuluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi hupata afasia. Haiji kwa sura moja. Kuna mgonjwa anayesema kwa taabu, neno moja moja, viambishi na viunganishi vikiwa vimedondoka njiani. Kuna mwingine anayetiririka kama aliyezoea kuhutubia, ila maneno yake hayana maana kwa msikilizaji, na yeye mwenyewe haelewi vyema anayoambiwa. Yupo pia anayeelewa kila kitu na kuunga sentensi vizuri, ila majina ya vitu humponyoka. Kusoma, kuandika na kuhesabu huathirika vilevile. Ambacho afasia haikiondoi ni akili ya mtu, utu wake wala maoni yake juu ya mambo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Kosa hilo limeingia hata katika msamiati. Mtu aliyepatwa na afasia huitwa bubu, ilhali bubu hana sauti ya maneno na wengi wa wagonjwa hawa wanayo. Husemwa ana kigugumizi, ilhali mwenye kigugumizi analijua neno lake na linamkwama kinywani tu. Majirani wenye haraka husema amerukwa na akili, amelewa asubuhi au ametupiwa kitu. Neno "afasia" lenyewe ni la mkopo, limetoka katika Kigiriki kupitia lugha za Ulaya, na limekaa katika isimu ya Kiswahili kama vile "fonimu" na "mofimu" zilivyokaa. Wako watakaotaka neno la kubuniwa kutokana na mizizi ya Kibantu, na hoja yao si dhaifu. Hata hivyo neno la mkopo lina faida moja kubwa katika suala hili: halijabeba dharau. Anayeambiwa kwamba baba yake ana afasia hulazimika kuuliza maana yake. Anayeambiwa kwamba baba yake amekuwa bubu hudhani anajua tayari.

Yafaa ikumbukwe kwamba isimu na afasia zimelelewa pamoja. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akijibu karibu kila swali kwa silabi moja, "tan", hata wenzake wakamwita kwa jina hilo. Alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki mwaka huohuo, Broca aliuchunguza ubongo wake akaona jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke, akiwa kijana wa miaka 26, alieleza aina ya pili, ile ya maneno mengi yasiyo na maana na uelewa uliovurugika. Hao walikuwa madaktari. Lakini mwaka 1941 Roman Jakobson, mwanaisimu, alichapisha kitabu kilichoilinganisha lugha ya mtoto na lugha ya mwenye afasia, na mwaka 1956 akarudi katika mada hiyo kwa undani zaidi.

Jakobson huyo ndiye yuleyule ambaye wanafunzi wa Kiswahili humtaja kila mara wanapojadili dhima za lugha na sifa bainifu za sauti. Anayosomwa kidogo ni Jakobson wa afasia. Hoja yake ilikuwa kwamba kusema ni kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuteua neno miongoni mwa maneno yanayofanana nalo, na kuliunga neno hilo na mengine katika mfuatano. Jeraha linaweza kuudhuru zaidi uwezo mmoja au mwingine. Aliyeharibikiwa na uteuzi hushindwa kusema "kisu" lakini husema "ile ya kukatia, ya jikoni". Aliyeharibikiwa na mfuatano atasema "mama… soko… nyanya", na msikilizaji ajaze mapengo. Nadharia hii imepingwa na kurekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Lililo muhimu hapa ni kwamba mwanaisimu hakuona haya kuingia wodini, kwa maana alijua kwamba kinachovunjika mle ni mali ya taaluma yake.

Sasa na Kiswahili je? Si kweli kwamba hakuna aliyejaribu. Tom Abuom, akifanya kazi na Roelien Bastiaanse wa Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi, aliwachunguza wasemaji wa Kenya wanaotumia Kiswahili na Kiingereza waliopatwa na aina ya afasia inayovuruga sarufi. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2011. Katika utafiti uliotoka mwaka 2013, ilidhihirika kwamba kurejelea wakati uliopita kuliwatatiza wagonjwa hao zaidi kuliko kurejelea wakati uliopo au ujao, na kwamba ilikuwa hivyo katika lugha zote mbili, ijapokuwa Kiswahili huonyesha wakati kwa kiambishi ndani ya kitenzi na Kiingereza kina njia zake tofauti. Tokeo hili lina uzito wa kinadharia na wa kimatendo pia. Swali la kwanza ambalo jamaa humuuliza mgonjwa kitandani ni "Ilikuwaje? Ulianguka wapi? Ulikula nini?" Yote ni maswali yanayodai wakati uliopita, na hivyo mgonjwa hutakiwa kuanza kuupanda mlima upande wake mkali zaidi. Kuanzia na kinachoonekana mbele ya macho, kikombe kilicho mezani au mvua inayonyesha nje, kungemfaa zaidi.

Lakini kazi hiyo imechapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ya nje, na wanaoihitaji zaidi ni wauguzi, jamaa na walimu ambao hawatakaa wayaone majarida hayo. Hakuna wa kumlaumu mtafiti kwa kuchapisha alikopata nafasi. Lawama, kama ipo, inawaangukia wale wenye Kiswahili kama taaluma yao ya kila siku, wanaoandika tasnifu juu ya tasnifu kuhusu mada zilezile, na ambao hawajauona mlango huu.

Tuseme, mathalani, hospitali inataka kupima lugha ya mgonjwa anayezungumza Kiswahili. Njia nyepesi ni kuchukua kipimo cha Kiingereza na kukitafsiri. Miongoni mwa vipimo vinavyojulikana sana ni kile cha kutaja majina kilichotoka Boston, chenye picha 60, ambacho toleo lake maarufu ni la mwaka 1983. Picha zake zimepangwa kuanzia vitu vinavyofahamika hadi vile vigumu. Mwanzoni kuna kitanda, mti na penseli. Mbele kidogo kuna nyumba ya barafu ya watu wa Aktiki, tunda la mwaloni, na mnyama wa mitoni anayejenga mabwawa kwa magogo katika nchi za baridi. Mkulima wa Kakamega mwenye ubongo mzima kabisa atashindwa kuzitaja picha hizo, naye ataandikiwa alama za mgonjwa. Kipimo kingine cha watafiti wa Boston kina picha ya jikoni ambayo mgonjwa huombwa kuieleza: mama anafuta vyombo huku maji yakifurika kutoka kwenye sinki, na nyuma yake mtoto amepanda kigoda akiiba biskuti kabatini. Kigoda kinataka kuanguka. Ni picha nzuri, lakini ni jiko la Marekani la miaka mingi iliyopita. Mama wa Kilifi anayepikia kuni na kuteka maji kwa mtungi ana jiko lake, na mtoto wake ana namna yake ya kuiba sukari.

Tatizo haliishii katika picha. Vipimo vya kutaja majina hutegemea urefu wa neno na kadiri linavyotumika. Neno la Kiingereza lenye silabi moja huweza kugeuka "kikombe" au "ufunguo" katika Kiswahili, na kwa mgonjwa ambaye kila silabi ni jiwe la kusukuma, tofauti ya silabi moja na nne si ndogo. Isitoshe kuna suala la lahaja na mazoea. Picha ya kifaa cha kukunia nazi itaitwa "mbuzi" na mtu wa pwani bila kusita. Anayeipima kwa ufunguo wa majibu ulioandikwa na asiyejua hilo ataandika kwamba mgonjwa amechanganya kifaa na mnyama. Picha ya viatu vya mpira vya kuvaa nyumbani itapata majibu "ndara", "malapa", "champali" au "patipati" kutegemea aliko mgonjwa na umri wake. Yote ni sahihi. Na kijana wa Eastlands akijibu kwa Sheng, jibu lake ni sahihi vilevile, hata kama mwalimu wa Insha angelipigia mstari mwekundu.

Tena kuna sarufi. Kitenzi kama "hatukuwaandikia" kimebeba ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya watendewa, mzizi na kauli ya kutendea, vyote ndani ya neno moja. Mgonjwa anayezungumza Kiingereza anaweza kuangusha viambishi na bado akabaki na mzizi ambao ni neno kamili. Msemaji wa Kiswahili hana kimbilio hilo, kwa sababu "andik" halitamkiki kama neno. Lazima aongeze irabu ya mwisho aseme "andika", ambayo ni amri, au aweke "ku" mwanzoni. Kwa hiyo mwongozo unaomwambia mpimaji ahesabu viambishi vilivyoachwa mwishoni mwa vitenzi hauna maana kwake. Ni nini basi cha kuhesabiwa? Je, mgonjwa anayesema "kitabu mzuri" amepoteza upatanisho wa ngeli, au ndivyo alivyokuwa akisema kabla ya kuugua, kama wasemavyo maelfu ya Wakenya kila siku? Anayeweza kulijibu swali hilo ni mtu aliyesoma mofolojia ya Kiswahili na kuyasikia mazungumzo ya Kiswahili yalivyo sokoni, si yalivyo katika vitabu vya sarufi pekee. Mtu huyo hukaa katika idara ya Kiswahili.

Hapo panazuka suala ambalo wageni huliona kuwa gumu na Wakenya huliona la kawaida, nalo ni la wingi wa lugha. Mgonjwa wa Kenya aghalabu ana lugha tatu: ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Ni ipi itakayorudi kwanza? Mwishoni mwa karne ya 19 Wafaransa wawili walitoa majibu mawili. Théodule Ribot aliona kwamba kilichojifunzwa mapema ndicho kinachodumu, hivyo lugha ya utotoni itangulie. Albert Pitres, mwaka 1895, alisema lugha iliyotumika zaidi wakati wa kuugua ndiyo itakayorudi upesi. Michel Paradis wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada alionyesha baadaye kwamba hakuna sheria moja: mara nyingi lugha hurudi pamoja, lakini kuna mgonjwa ambaye moja hutangulia, na kuna ambaye moja hurudi huku nyingine ikififia. Paradis alisimamia utungaji wa kipimo cha afasia kwa wenye lugha zaidi ya moja, kilichochapishwa mwaka 1987, naye alisisitiza kwamba matoleo yake yasiwe tafsiri bali yatungwe upya kulingana na kila lugha. Sisitizo hilo linafaa kubandikwa ukutani mwa kila idara.

Kuna hatari nyingine inayohusiana na hiyo. Vitabu vya kigeni hutaja kuchanganya lugha kama dalili mojawapo ya afasia. Mtaalamu aliyefunzwa kwa vitabu hivyo akimsikia mwalimu mstaafu wa Nakuru akisema nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, na neno la Gikuyu katikati, anaweza kuliandika hilo kuwa ugonjwa. Pengine ni dalili ya kupona! Ndivyo mwalimu huyo alivyokuwa akizungumza katika chumba cha walimu kwa miaka thelathini. Ili kuujua ugonjwa ni lazima kwanza ujulikane mseto wa kawaida, wapi watu hubadili lugha na wapi hawabadili. Tasnifu kuhusu kubadili na kuchanganya msimbo zimejaa katika maktaba za vyuo vya Kenya. Hazijawahi kuombwa zifanye kazi nje ya maktaba.

Wapo watakaouliza kwa nini Kiswahili ndicho kitangulie, ilhali kwa wengi si lugha ya mama. Ni swali la haki, na jibu lake si kwamba Kiswahili kina cheo. Mgonjwa wa Turkana anastahili kupimwa kwa Kiturkana. Lakini muuguzi wa zamu anaweza kuwa Mmeru, mtaalamu wa viungo akawa Mluo, na mgonjwa wa kitanda jirani akawa Mgiriama. Lugha wanayokutania ni Kiswahili. Kikianza kupata vifaa vyake, njia ya lugha nyingine itakuwa imefyekwa, kwa sababu zilizo za Kibantu zina ngeli na vitenzi vya umbo hilohilo.

Kuna pia mambo ambayo Kiswahili kimeyahifadhi yenyewe na ambayo tiba inayahitaji. Inafahamika kwamba mwenye afasia kali huweza kubakiwa na usemi wa mazoea: kuhesabu, siku za juma, sala, matusi, maamkizi. Mzee asiyeweza kutaja jina la mjukuu wake huweza kujibu "marahaba" papo hapo anapoambiwa "shikamoo". Methali ni za aina hiyohiyo. Akiambiwa "haba na haba", "hujaza kibaba" huweza kumtoka kabla hajajua kama anaweza. Kina cha mwisho humvuta. Ni kweli kwamba kukamilisha methali bado si kusema. Kasuku pia hukamilisha. Mtaalamu hutumia usemi huo kama ngazi, akimtoa mgonjwa kutoka "hujaza kibaba" hadi "kibaba", kutoka "kibaba" hadi "kibaba cha unga", hadi mgonjwa aweze kuomba unga. Vitendawili navyo vina nafasi yao. Katika tiba kuna mbinu ya kumwongoza mgonjwa aliyepoteza jina la kitu aeleze kitu hicho ni cha kundi gani, hufanya nini, hupatikana wapi na kinafanana na nini, hadi jina lijitokeze. Aliyekua akitegewa vitendawili jioni amelifanya zoezi hilo tangu utotoni.

Kuhusu uimbaji, mwaka 1973 watafiti wa Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza tiba inayotumia lahani, kutokana na ukweli kwamba baadhi ya wasioweza kusema huweza kuimba maneno. Mgonjwa huimba kishazi kifupi pamoja na mtaalamu huku akigongagonga kwa mkono wa kushoto, kisha lahani hupunguzwa kidogo kidogo hadi ibaki sauti ya kawaida. Tiba hii haimfai kila mmoja. Lakini anayefaa kutunga vishazi vyake kwa Kiswahili ni nani kama si mwanafunzi wa ushairi? Yeye ndiye anayejua kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ili "naomba maji" iimbwe bila kuvunja neno. Ndiye anayejua kuhesabu mizani. Miaka minne ya kuhesabu mizani chuoni ingepata matumizi ambayo hakuna mtahini aliyeyawazia.

Kwamba tiba ya lugha inasaidia si dhana tu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyoongozwa na Marian Brady, yalijumlisha majaribio 57 yenye washiriki 3,002, yakaona kwamba tiba huboresha mawasiliano ya kimatendo, kusoma, kuandika na usemi. Taabu ni wataalamu. Katika Afrika Mashariki ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na idadi ya wanaohitimu bado haifikii haja. Basi hata programu za mafunzo zikiongezeka kesho, kwa miaka mingi ijayo mtaalamu wa wengi wa wagonjwa hawa atakuwa mke, binti, au mpwa aliyeacha shule ili amuuguze mjomba.

Hao ndio wanaopaswa kufunzwa. Mjini Toronto, Aura Kagan na taasisi anayofanya kazi waliikuza njia inayojengwa juu ya wazo kwamba afasia huuficha uwezo wa mtu bila kuuondoa, na kwamba anayezungumza naye anaweza kuufichua uwezo huo. Mwaka 2001 yeye na wenzake walionyesha kwamba wajitoleaji waliofunzwa njia hiyo walizungumza vizuri zaidi na wagonjwa, na kwamba wagonjwa wenyewe walionekana kuwasiliana vizuri zaidi, ingawa hawakuwa wamefunzwa lolote. Mambo yenyewe ni mepesi. Kelele za redio zipunguzwe. Jambo moja lizungumzwe kwa wakati mmoja. Maneno muhimu yaandikwe kwa herufi kubwa, au kitu kichorwe, au kionyeshwe kwa mkono. Maswali ya ndiyo na la yatumike kuthibitisha: "Baba, ni habari ya shamba? La hapa? La kule kwa babu?" Ukimya uvumiliwe, maana jibu liko njiani. Na asiyeelewa aseme hakuelewa, asiitikie kwa kumpoza.

Juu ya hayo kuna la heshima, ambalo vitabu vya Kanada haviwezi kuwafundisha Waswahili. Mzee aliyepoteza maneno husemeshwa kama mtoto: "Kula basi, eeh, mzuri huyo." Wajukuu huacha kumwamkia kwa sababu hatajibu. Mashauri ya mahari na mazishi huamuliwa sebuleni akiwa chumbani. Adabu ya lugha, yaani shikamoo, hodi, kumpa nafasi ya mwisho ya kunena, inapaswa kuendelea kama ilivyokuwa. Mwanafunzi wa pragmatiki anajua kwamba zamu ya kusema ni mali. Asiyepewa zamu amenyang'anywa.

Unyang'anyi wenyewe hauishii katika mazungumzo. Asiyeweza kutaja mpaka wa shamba lake ana jamaa watakaoutaja kwa niaba yake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa za Mkenya zimekaa nyuma ya nambari ya siri, na afasia huweza kuvuruga nambari sawa na maneno; anayeijua nambari hiyo sasa ni kijana wa nyumbani. Katiba ya mwaka 2010 haikulisahau jambo hili kabisa. Ibara ya 7, ileile ambayo wapenzi wa Kiswahili huinukuu kwa furaha kwa kuwa imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, inaendelea kuitaka Serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Breili, na mifumo mingine ya mawasiliano inayowafikia watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ifaayo ya mawasiliano. Ibara ya 50 inairuhusu mahakama kumkubali mpatanishi wa mawasiliano kwa mlalamishi au mshtakiwa. Sherehe za Kiswahili husoma mstari wa kwanza wa Ibara ya 7 na kufunga kitabu.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba haya ni ya madaktari. Kumtibu mgonjwa, kupima shinikizo la damu na kuamua aina ya tiba ni kazi ya waliosomea, na mwanafunzi wa Kiswahili akiingia wodini kujifanya tabibu ataleta madhara. Hakuna anayedai hivyo. Linalodaiwa ni vifaa: orodha ya majina ya vitu iliyopangwa kwa urefu na matumizi, sentensi zilizopangwa kwa ugumu wa kisarufi, hadithi fupi za kusomwa, kijitabu cha jamaa kwa lugha nyepesi. Daktari hawezi kuvitunga vitu hivyo, na hajawahi kudai kwamba anaweza.

Idara moja inaweza kuanza na picha mia moja. Wanafunzi wanaorudi kwao likizoni, Lamu, Voi, Busia, Kajiado, wazipeleke kwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliosoma na wasiosoma, kwa idhini yao, na kuandika kila jina linalotolewa kama lilivyotolewa. Picha itakayopata majina mengi mno iondolewe. Itakayopata mawili au matatu ibaki, na karatasi ya mpimaji iyaorodheshe yote. Rekodi za wazee hao wakieleza jinsi ya kupika ugali, kufunga ng'ombe au kusuka ukili zihifadhiwe pia, kwa kuwa bila kujua mzee mzima husema vipi, hakuna atakayejua mgonjwa amepoteza nini. Kisha karatasi hizo zipelekwe kwa wataalamu wa usemi waliopo, wazikosoe, na zirudishwe idarani kurekebishwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonyeshwa picha ya sufuria na kuulizwa, "Hii ni nini?"